Tiba ya bure kwa mbwa wa vijiji vya pembezoni mkoani Tanga: mwongozo kamili kwa wanaojitolea

Mbwa wa kijijini mkoani Tanga ni mfanyakazi. Pwani ya Pangani na Mkinga analinda mihogo na mahindi yasimalizwe na ngedere, nyani na nguruwe pori. Kwenye maboma ya Wamaasai wa Kilindi na Handeni analala kando ya zizi, na fisi akinyemelea usiku yeye ndiye wa kwanza kubweka. Hata hivyo wengi wao huzaliwa, hufanya kazi na kufa bila kuguswa na mtaalamu yeyote. Daktari wa mifugo yuko makao makuu ya wilaya, nauli ya bodaboda inazidi bei ya mbwa mwenyewe, na duka la pembejeo lililo karibu limejaa dawa za ng'ombe na kuku.

Ninawaandikia wanaotaka kulipunguza pengo hilo kwa kujitolea: madaktari wa mifugo, wanafunzi wa vyuo kama LITA Buhuri pale Tanga au SUA Morogoro, vikundi vya vijana, misikiti na makanisa. Msimamo wangu nausema mapema. Anzeni na chanjo ya kichaa cha mbwa, chagueni ukubwa wa kazi mnaoweza kuurudia kila mwaka, na wenyeji wawe ndio wenye kazi. Kambi kubwa ya siku moja isiyorudi tena inafurahisha siku ile tu. Mwaka ukipita watoto wa mbwa wamezaliwa, wakubwa wamekufa, na kijiji kimerudi kilikokuwa.

Kwa nini chanjo itangulie

Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Takribani asilimia 99 ya wanaokipata duniani wameambukizwa na mbwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika kila watu 10 wanaoumwa na mnyama anayeshukiwa kuwa na kichaa, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15, wale wale wanaotembea na mbwa kwenda shamba na malishoni. Kwa hiyo sindano moja ya mbwa inamlinda mtoto wa nyumba ile na wa nyumba ya jirani.

Lengo linalotumika ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wote wa eneo, na kurudia kila mwaka. Mfano upo ng'ambo ya maji tu kutoka Tanga. Pemba walikimaliza kichaa cha mbwa kwa kampeni za chanjo, virusi vikaingia tena kutoka nje mwaka 2016, wakachanja tena na kuvitokomeza mara ya pili.

Mtapita mahali mtaambiwa dawa ni kuwapiga risasi au kuwatilia sumu mbwa wote. Jibuni kwa heshima, lakini msikubali. Mbwa wakiuawa, nafasi yao huchukuliwa na wengine wasiochanjwa, na hata waliochanjwa huwa wameuawa pamoja nao. Ugonjwa unabaki pale pale.

Hatua ya kwanza: ruhusa, na mtu sahihi wa kushika sindano

Kwa sheria za nchi, tiba ya mnyama hufanywa na mtaalamu aliyesajiliwa au kuorodheshwa na Baraza la Veterinari. Wanafunzi na wahudumu wafanye kazi chini ya usimamizi wake. Ipo pia Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayokataza kumtesa mnyama, na kambi iliyoandaliwa ovyo inaweza kuangukia huko.

Barua ya kwanza iende kwa mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa daktari wa mifugo wa wilaya na kwa mganga mkuu wa wilaya. Huyu wa mwisho husahaulika sana, na bila yeye hamtajua ni hospitali gani ina chanjo ya binadamu siku mtu wenu akiumwa. Kisha mfuateni afisa mifugo wa kata. Mchukulieni kama mwenye shughuli, maana ndiye atakayebaki mkishaondoka. Baada yake ni mtendaji na mwenyekiti wa kijiji, halafu wenyeviti wa vitongoji. Kwenye maboma hakuna kitakachotembea mpaka laigwanani, kiongozi wa jadi wa Wamaasai, asikie na aridhie. Nendeni kwake mapema, bila kamera, mkae, msalimie, na mueleze mnachotaka kufanya na msichoweza kufanya. Akiuliza kwa nini mmekuja kwa mbwa wakati ng'ombe wanaumwa, swali lake ni la haki. Kama mna uwezo, ombeni afisa mifugo aje siku hiyo hiyo na ushauri wa ng'ombe na mbuzi. Kama hamna, semeni hivyo. Ahadi ya uongo itawafungia mlango wa mwaka unaofuata.

Hatua ya pili: kuzungumza na watu wa pwani kuhusu mbwa

Mgeni asiyejua pwani anaweza kudhani watu hawawapendi mbwa. Jambo lenyewe liko hivi: Waislamu wengi wa mwambao wanafuata madhehebu ya Shafi, na mate ya mbwa ni najisi inayooshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Mzee wa Kipumbwi anaweza kuwa na mbwa wawili wa shamba anaowalisha kila siku na asimguse hata mmoja. Ukimwambia amkumbatie mbwa ili achomwe, unamweka pabaya.

Kwa hiyo pangeni kambi ili mwenye mbwa asilazimike kumgusa. Muwe na kamba za kutosha na vijana wa kupokea mbwa. Pembeni pawe na mapipa ya maji, sabuni na ndoo ya udongo safi, ili anayetaka kujitoharisha afanye hivyo hapo hapo kabla ya adhuhuri. Gharama ya ndoo ya udongo ni bure, na heshima inayoleta ni kubwa kuliko bango lolote. Mwombeni imamu atangaze baada ya sala ya Ijumaa. Huenda yeye mwenyewe akawakumbusha waumini hadithi ya mtu aliyeteremka kisimani, akateka maji kwa kiatu chake cha ngozi akamnywesha mbwa aliyekuwa akihema kwa kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. Neno hilo likitoka kwake lina uzito ambao lenu halina. Makanisani Muheza na Korogwe tangazo la Jumapili linatosha, na kwenye maboma ni baraza la wazee.

Semeni wazi kwamba ni bure, na iwe bure kweli. Huko N'Djamena, Chad, walipojaribu kutoza ada, idadi ya mbwa walioletwa ilishuka vibaya ikilinganishwa na walipochanja bila malipo. Hata "mchango mdogo wa kadi" msiuweke.

Hatua ya tatu: hesabu na kalenda

Wenyeviti wa vitongoji wapite kaya kwa kaya wakiuliza: mbwa wangapi, majike wangapi, watoto wangapi. Watoto wa mbwa wahesabiwe. Wengi huwaacha wakidhani hawachanjwi, ilhali kwenye kampeni za umma hata walio chini ya miezi mitatu wanapaswa kuchanjwa. Tuseme hesabu imetoa mbwa 300. Asilimia 70 ni 210, lakini agizeni dozi za wote 300 na akiba juu yake, kwa sababu hesabu ya mdomo huwa pungufu.

Masika ya Machi hadi Mei yaacheni. Barabara za Kilindi hazitawapitisha. Juni na Julai ni wakati mzuri. Kiangazi kikikolea vijana huhama na ng'ombe kutafuta malisho, na mbwa huwafuata. Wengine hupenda kufanya kambi Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Kwa mjini na pwani ni sawa. Kwa wafugaji, ulizeni kwanza nani atakuwa nyumbani.

Hatua ya nne: kuitunza chanjo iwe baridi

Chanjo inakaa kati ya nyuzi joto 2 na 8, na isigande kamwe. Nunueni kwa muuzaji aliyesajiliwa, mwenye jokofu mnaloliona kwa macho, na andikeni namba ya toleo. Mjini Tanga barafu haina shida, soko la samaki lipo. Lakini barafu isigusane na vichupa: tieni barafu kwenye mifuko ya plastiki, viringisheni vichupa kwa karatasi au kitambaa, na wekeni kipimajoto ndani ya boksi. Boksi lifunguliwe na mtu mmoja tu. Likifunguliwa na kila mwenye mkono, saa sita mchana limeshakuwa vuguvugu.

Habari njema kwa vijiji visivyo na umeme ni kwamba chanjo moja inayotumika sana nchini ilijaribiwa, na matokeo yalichapishwa mwaka 2016: mbwa walipata kinga vilevile hata ilipokuwa imehifadhiwa miezi sita kwenye nyuzi 25, au miezi mitatu kwenye nyuzi 30. Hiyo haimaanishi muiache juani. Inamaanisha barafu ikiyeyuka njiani kati ya Songe na boma la mwisho, daktari ana sababu ya kutulia na kuamua, badala ya kumwaga kila kitu. Kichupa kilichochomwa sindano tayari, kitumike ndani ya muda ulioandikwa kwenye kibandiko chake, kikipita, kitupwe.

Hatua ya tano: vifaa

Sirinji na sindano za kutosha mbwa mmoja sindano moja. Boksi gumu la kutupia sindano, nalo lirudishwe kituo cha afya chenye kichomea taka. Glovu, pamba, spiriti, iodini, sabuni. Adrenalini na maelekezo ya daktari ya kuitumia mbwa akipata mzio. Kadi, daftari, kalamu zaidi ya mnavyodhani. Mizani ya kuning'iniza kwa watoto wa mbwa. Bandeji pana za kufunga mdomo.

Na kamba. Tanga ni mkoa wa mkonge, na kamba ya katani ni rahisi kupatikana, ila inakwaruza shingo. Kateni vipande vya mita mbili, na sehemu ya kitanzi ishonewe kitambaa cha kanga kuukuu. Fungeni fundo kwenye kitanzi ili kisijikaze zaidi ya shingo. Kamba iliyomvaa mbwa mwenye ukurutu ichomwe moto, isipewe mwingine.

Watakaoshika mbwa wapate chanjo yao ya kinga mapema, dozi mbili kwa utaratibu wa sasa wa Shirika la Afya Duniani, ya pili siku saba baada ya ya kwanza. Asiyechanjwa aandike kadi, asishike mbwa. Hapo msilegeze kwa ajili ya mtu yeyote.

Hatua ya sita: siku yenyewe

Kijijini anzeni saa moja asubuhi chini ya mti mkubwa wenye kivuli, mbali na barabara na shule. Kwenye boma fikeni alfajiri kabla ng'ombe hawajatoka. Mkichelewa, mtakuta watoto na wazee, na mbwa wako kilomita tatu porini nyuma ya mifugo.

Mbwa wakae mbali mbali. Mstari wa watu ukisogea, mbwa watapigana, na mtu huumwa akijaribu kuwaamua. Mpangilio unaofanya kazi ni huu: watu wanasubiri na mbwa wao kila mmoja kwenye kivuli chake, kijana mmoja anaita mmoja mmoja, mbwa anaingia upande huu na kutoka upande ule. Watoto wadogo waliokuja na mbwa mkubwa wapokelewe kamba mapema.

Mshikaji anasimama kando ya mbwa, si mbele yake, wala hamkodolei macho. Mbwa mkali afungwe mdomo kwa bandeji: kitanzi kinavishwa juu ya pua, kinakazwa, ncha zinavuka chini ya kidevu na kufungwa nyuma ya masikio kwa fundo la kufunguka haraka. Dakika moja au mbili zinatosha, kwa sababu mbwa hupoza mwili kwa kuhema, na kwa joto la pwani mdomo uliofungwa ni hatari. Mchomaji anatokea nyuma, anavuta ngozi, anachoma chini ya ngozi dozi iliyoandikwa kwenye kibandiko, kwa kawaida mililita moja. Akifanya kwa utulivu, mbwa wengi hata hawageuki.

Mbwa akichomoka, msimkimbize. Watoto watataka kumkimbiza; wazuieni. Andikeni jina la mwenye mbwa na mpitie kwake jioni, wakati wa kumlisha.

Aliyechanjwa avalishwe ukanda wa kitambaa cha rangi, vidole viwili vipite kati yake na shingo. Watoto wa mbwa wapakwe rangi ya kuwekea mifugo alama, kwa sababu wanakua na ukanda utawakaba. Kadi iwe na jina la mwenye mbwa, jinsia na rangi ya mbwa, tarehe, na namba ya toleo la chanjo. Kila mbwa apumzike kivulini kama dakika 15 kabla ya kuondoka. Uso ukivimba au akilegea ghafla, daktari aitwe.

Hatua ya saba: tiba nyingine mnazoweza, na zile msizoweza

Wekeni meza ya pili, mbali na ya chanjo, la sivyo foleni itakwama. Hapo daktari atoe dawa ya minyoo kwa uzito, aangalie kupe, viroboto, ukurutu na vidonda.

Minyoo tegu ni muhimu zaidi bomani. Mbwa anayelishwa mapafu na maini mabichi yenye malengelenge hubeba mnyoo mdogo sana ambao mayai yake humfanya binadamu aote malengelenge yale yale ndani ya ini. Prazikwanteli inamtibu mbwa, lakini tabia ya kutupa matumbo mabichi ikiendelea, atarudi pale pale. Zungumzeni na wanaochinja: viungo vyenye malengelenge vifukiwe au vichemshwe sana.

Mtakutana na mbwa waliopakwa oili chafu ya gari kwa ajili ya ukurutu, na wengine walioogeshwa dawa ya kuogeshea ng'ombe. Msiwagombeze wenyewe, walitumia kilichokuwepo. Waelezeni kwamba oili inaunguza ngozi na mbwa huilamba ikamdhuru ndani. Ivamektini ya sindano ya ng'ombe nayo ni kali: dozi ya mbwa wa kilo kumi haifiki hata nusu mililita, na mtu anayekadiria kwa macho anaweza kumuua. Dawa za maumivu za binadamu kama diklofenaki na ibuprofeni zinamharibu mbwa tumbo na figo.

Kwenye vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Saadani, mbwa aliyekonda, mwenye homa na macho yaliyofunikwa ukungu wa buluu, daktari afikirie ugonjwa unaoletwa na mbung'o. Uvimbe mwekundu unaovuja damu kwenye sehemu za siri mara nyingi ni saratani inayoambukizwa kwa kupandana. Inatibika kwa vinkristini, sindano ya kila wiki kwa wiki kadhaa, lakini dawa hiyo ni ya hatari hata kwa anayeishika. Msiianze kama hakuna atakayeimalizia. Mpelekeni mbwa kwa daktari wa wilaya na mchangie nauli.

Kuhasi na kufunga kizazi: nashauri mwaka wa kwanza msifanye. Najua wafadhili hupenda kuona upasuaji. Lakini upasuaji chini ya mwembe unataka ganzi sahihi, vyombo vilivyochemshwa, nyuzi zinazoyeyuka zenyewe, mahali pa mbwa kuzinduka bila joto kali, na mtu wa kukagua mshono kwa siku zisizopungua kumi. Jike mmoja akifunguka mshono usiku kule bomani na kufa, msitegemee wenzake waje mwaka ujao, hata kwa chanjo. Kijiji kikishawazoea na afisa mifugo wa kata yuko tayari, anzeni na wachache ambao wenyewe wameomba.

Hatua ya nane: mtu akiumwa

Jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, saa ishikwe mkononi. Majivu, mafuta ya taa na pilipili visiguse jeraha. Kisha hospitali siku hiyo hiyo. Pigeni simu kwanza kuuliza kama chanjo ipo, kwa kuwa zahanati nyingi hazina. Tanga mjini hospitali ya rufaa ya mkoa ni Bombo. Mgonjwa amalize dozi zote kwa tarehe alizopewa hata kama jeraha limepona.

Mbwa aliyeuma, akiwa mzima na anajulikana, afungwe na kuangaliwa siku 10. Msimponde kichwa. Akifa au akilazimika kuuawa, ubongo ndio unaopimwa maabara, na mwenye kuutoa ni mtaalamu wa mifugo peke yake.

Wafundisheni watu dalili: mbwa mpole anayegeuka mkali au mkali anayejificha, sauti iliyokwaruza, mate mengi, taya lililolegea, miguu ya nyuma inayoyumba. Lile taya lililolegea ndilo linalowaponza wengi. Mtu hudhani mfupa umekwama kooni, akaingiza mkono kuutoa. Mbwa wa namna hiyo asiguswe. Watu wajitenge, aitwe afisa mifugo.

Hatua ya tisa: jioni ile, na miezi inayofuata

Jua likipungua, gawaneni wawili wawili mtembee njia za kijiji kwa saa moja mkihesabu mbwa wenye alama na wasio nayo. Mkiona 40 na 28 kati yao wana alama, mmefika asilimia 70 pale. Hesabu hii ni ya kweli kuliko ya daftari, kwa sababu inawaona hata mbwa ambao hakuna aliyewataja. Kitongoji kilichobaki nyuma kirudiwe kesho yake nyumba kwa nyumba.

Daftari linakiliwa mara tatu: nakala kwa mtendaji, kwa afisa mifugo wa kata na kwa daktari wa wilaya. Tarehe ya mwaka ujao isomwe kwenye mkutano wa kijiji kabla hamjapanda gari, na iandikwe kwenye muhtasari.

Kwenye fedha, chanjo na usafiri kwanza. Fulana na mabango baadaye, au visiwepo kabisa. Kitakachobaki, mnunulieni afisa mifugo wa kata boksi la barafu na mafuta ya pikipiki, pamoja na dozi za akiba zitakazokaa kwenye jokofu la ofisi ya mifugo ya wilaya. Majike watazaa katikati ya mwaka, na mbwa wapya wataletwa kutoka vijiji vingine. Akipita kila baada ya miezi mitatu akiwachanja wale waliozaliwa na walioingia, asilimia yenu haitaporomoka kabla hamjarudi.